Kulisoma Gari la Kale Kabla ya Kulifungua

Anayepata gari adimu la miaka mingi, hasa lililolala ghalani muda mrefu, hushikwa na hamu ya kulifungua siku hiyo hiyo: kung'oa injini, kukwangua rangi na kuagiza spea. Hamu hiyo imepoteza ushahidi mwingi kuliko kutu. Gari ambalo halijaguswa ni waraka, na kila bolti inayofunguliwa bila kuandikwa ni mstari uliofutwa, kwa hiyo wiki za kwanza ziwe za kamera, daftari na tochi tu. Piga picha gari zima, kisha kila kona yake, chini ya mazulia, ndani ya milango na nyuma ya dashibodi, na usitupe kitu chochote utakachokikuta chini ya viti, hata karatasi iliyoliwa nusu na panya, kwani stakabadhi ya gereji au kibandiko cha maonyesho kinaweza kukupa jina la mji na mwaka.

Baada ya hapo zitafute namba. Namba yenye tarakimu na herufi 17, isiyotumia kamwe herufi I, O wala Q, ilianza kuwa ya lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1981, na kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Katika gari la zamani utakuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu, namba ya injini kwenye bloku, pengine namba ya bodi na ya gia boksi, na bamba la kiwanda lililofungwa kwa ribiti. Usiziguse namba hizo kwa brashi ya waya. Lowesha uchafu kwa mafuta ya taa, uufute kwa brashi laini ya rangi, kisha mulika tochi kutoka pembeni ili kivuli kizijaze tarakimu. Angalia umbo lake, kina chake na nafasi kati ya moja na nyingine, ukilinganisha na magari mengine ya aina hiyo ambayo historia yake inajulikana. Uso wa chuma ulionyooka kupita kiasi kuzunguka namba, au mikwaruzo ya msasa chini yake, ni dalili kwamba namba ya awali huenda iliondolewa. Ribiti mpya kwenye bamba kuukuu nazo zinahitaji maelezo.

Tarehe za kusubu chuma, yaani za kumimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu, ni ushahidi ambao wengi huusahau. Viwanda vingi viliacha alama ya siku, mwezi na mwaka kwenye bloku, kichwa cha silinda au sanduku la gia, na alama hiyo lazima itangulie siku gari lilipokamilika. Bloku iliyosubiwa miezi kadhaa baada ya gari kutoka kiwandani haiwezi kuwa ya gari hilo, hata kama namba iliyogongwa juu yake inalingana na karatasi. Bolti nazo husema. Uzi wa Whitworth, uliotokana na pendekezo la Joseph Whitworth mwaka 1841, una pembe ya digrii 55, ilhali uzi wa Unified uliokubaliwa na Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948 una digrii 60. Ukikuta bolti za Unified kwenye gari la Uingereza la miaka ya 1930, unajua mkono wa baadaye umepita hapo.

Ukiwa na namba mkononi, ndipo uandikie hifadhi za nyaraka. Viwanda kadhaa, au taasisi zilizorithi kumbukumbu zake, hutoa hati kutoka kwenye vitabu vya uzalishaji: Jaguar Daimler Heritage Trust hufanya hivyo kwa magari ya Jaguar, na British Motor Industry Heritage Trust iliyoko Gaydon kwa majina kama Austin, Morris na MG. Hati ya namna hiyo inaweza kutaja siku gari lilipokamilika, rangi yake ya kwanza, namba ya injini na wakala aliyepelekewa. Kwa gari lililosajiliwa Uingereza, kumbuka kwamba usajili ulianza mwaka 1904 ukiwa mikononi mwa halmashauri za mitaa, kabla ya kukusanywa mjini Swansea katika miaka ya 1970, na sehemu ya madaftari hayo ya zamani imehifadhiwa katika nyumba za kumbukumbu za majimbo. Bamba la namba la zamani linaweza kukufikisha kwa mmiliki wa kwanza. Vilabu vya wapenzi wa aina moja ya gari mara nyingi huwa na rejista zao, na wazee wa vilabu hivyo hukumbuka mambo ambayo hayakuandikwa popote, ingawa simulizi la mdomo linapaswa kuandikwa kama simulizi mpaka lipate karatasi au chuma cha kulithibitisha.

Magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yana ugumu wake. Rolls-Royce, kwa mfano, iliuza chesisi yenye injini, na mnunuzi akaipeleka kwa mjenzi wa bodi aliyemchagua. Historia ya gari moja kwa hiyo imegawanyika katika nyumba mbili, na bodi ingeweza kuondolewa baadaye na kuwekwa nyingine, hasa gari zito la kifamilia lilipogeuzwa la wazi kwa sababu la wazi lina bei kubwa zaidi. Katika magari adimu kabisa mjadala hauishi. Bugatti Type 57SC Atlantic zilitengenezwa nne tu kati ya 1936 na 1938. Moja ilipotea wakati wa vita na haijaonekana tena, na nyingine iligongwa na treni mwaka 1955 ikajengwa upya, na swali la kiasi gani cha gari la awali kimebaki ndani yake lingali likiulizwa.

Rangi isomwe kwa mkono. Chagua mahali palipofichika, kama nyuma ya tairi la akiba, na usugue eneo la ukubwa wa sarafu kwa msasa laini uliolowa maji, kwa mzunguko, polepole, mpaka nukta ya chuma ionekane katikati. Kingo zitajitokeza kama pete za shina la mti, kwa mfano: nyekundu ya juu, kisha kijivu cha praima (rangi ya msingi), kisha buluu iliyopauka, praima ya kahawia, na hatimaye kijani chembamba kilichoshikana na chuma. Tone la maji litazihuisha rangi hizo kwa dakika moja, na hiyo ndiyo dakika ya kupiga picha. Vaa barakoa na usisugue pakiwa pakavu, kwani rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ikiwa pete ya ndani kabisa inakubaliana na hati ya kiwanda, paneli hiyo huenda ni ya asili. Ikiwa mlango mmoja hauna pete ya kijani, mlango huo umetoka kwingine au ulikwanguliwa wote.

Sasa tu uamue kiasi cha kazi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi, likihifadhiwa katika hali sahihi kihistoria na lisitumike kama usafiri wa kila siku. Maoni yangu ni kwamba rangi ya kiwanda iliyochakaa ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa, kwa sababu mpya inaweza kupulizwa wakati wowote na ya kwanza hairudi. Hifadhi kinachoweza kuhifadhiwa, tengeneza kinachovunjika, na ubadilishe kile tu kinachohatarisha maisha: mipira ya breki, mabomba ya mafuta, tairi, nyaya zilizopasuka ganda. Tahadhari na vumbi la breki na gasketi za zamani, kwani huenda zina asibesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Injini iliyoganda isilazimishwe kwa stata. Toa plagi, mimina mafuta mepesi ndani ya kila silinda, acha yapenye kwa siku nyingi, kisha jaribu kuizungusha kwa spana, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikikataa, ongeza mafuta na usubiri, kwani pete za pistoni zilizovunjwa kwa haraka huchana silinda. Bodi za bati jembamba zisisafishwe kwa kupulizwa mchanga, maana kishindo cha mchanga huzikunja, na fremu za mbao zipimwe kabla ya kuondolewa paneli zinazozishikilia.

Kila unapofungua, weka sehemu kwenye mfuko wenye lebo ya tarehe, mahali ilipotoka na namba ya picha yake. Sehemu mpya utakayotengeneza igonge mwaka wake upande usioonekana, asije mwingine akaidhania ya awali. Ile ya zamani, hata ikiwa imeliwa na kutu, ifunge kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, uiandike, na uiweke kwenye sanduku litakalofuata gari kwa mmiliki ajaye pamoja na daftari lako.