Jinsi ya kusoma wasifu wa kocha wa kuogelea wa chuo Marekani kabla hujakubali mwanao aende

Kijana anaogelea vizuri hapa Dar au Nairobi, taimu zinashuka kila msimu, halafu siku moja inaingia email ya kocha wa chuo huko Marekani, mnafungua wasifu wake mnakuta umejaa, bingwa mara kadhaa, kocha bora wa mwaka mara kadhaa, katoa watu wa Olimpiki, baba mtu kashalainika anaulizia bei ya tiketi. Subirini kwanza. Kila kilichoandikwa pale kinaweza kuwa kweli na bado kisikwambie lile unalotaka kulijua, yaani huyu mtu akipewa mtoto wa miaka 18, baada ya miaka minne mtoto anakuwa na kasi kuliko alivyoingia au anabaki palepale? Hilo ndo la kutafuta, na jibu lipo, ila inabidi ulichimbe.

Anza kwa kuuliza ubingwa wenyewe ni wa nini. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ina divisheni tatu na kila moja ina bingwa wake wa taifa. Chukua Jim Steen wa Kenyon College kule Ohio, kastaafu 2012 akiwa na ubingwa wa taifa mara 50 ukijumlisha wanaume na wanawake, wanaume peke yao walibeba miaka 31 mfululizo, 1980 mpaka 2010, na 2011 wakapokonywa na chuo cha Denison kwa pointi 1 tu. Namba za kutisha kabisa, ila ni Divisheni ya 3, na huko vyuo havitoi skolashipu za michezo, kwa hiyo mzazi anayetegemea kuogelea ndo kulipe ada, hiyo 50 haimsaidii. Simshushi Steen hata kidogo, kumfanya mtu aamke alfajiri kuingia kwenye maji bila kumlipia hata shilingi, na afanye hivyo miaka yote ile, mimi naona ni ukocha wa hali ya juu sana.

Halafu tofautisha ngazi. Kuna mashindano ya chuo kwa chuo (hayo kocha akikwambia kashinda mengi usiyape uzito, wengi wanaogelea wakiwa wamechoka na mazoezi), kuna ubingwa wa konferensi (yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), na kuna NCAA yenyewe mwezi wa 3 ambako kila mtu amepumzishwa ili atoe taimu yake ya mwaka. Huko wanahesabiwa mpaka nafasi ya 16, mshindi wa mbio ya mtu mmoja anapata pointi 20 na timu inayoshinda mbio ya kupokezana inapata 40, na mwogeleaji mmoja anaruhusiwa mbio za peke yake tatu tu. Ukiipiga hesabu utaona watu wanne watano wakali sana wanaweza kuibeba timu juu, huku wengine 20 hawajasogea popote, na mwanao ana uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye hao 20.

Sasa njoo kwa kocha Eddie Reese, maana ndo wasifu wa kujifunzia kusoma. Alianza chuo cha Auburn 1972, timu ambayo haikuwa kitu, 1978 akaiacha ikiwa ya pili Marekani nzima akahamia Texas, akakaa mpaka 2024, ubingwa wa NCAA mara 15, wa kwanza 1981 na wa mwisho 2021, yaani katika kila muongo kwenye miongo mitano kachukua. Hapo wengi wanaishia wanasema basi ndo bora, lakini wewe angalia mapengo. Baada ya 2002 hakushinda tena mpaka 2010. Mtu anayesoma makombe tu atasema mzee alichoka. Lakini angalia Olimpiki ya Athens 2004, fainali ya kupokezana mitindo minne mita 4x100, Marekani wanashinda kwa rekodi ya dunia 3:30.68, na kati ya wale wanne watatu ni wa Reese: Aaron Peirsol wa kuogelea chali, Brendan Hansen wa mtindo wa chura, Ian Crocker wa kipepeo. Na kila mmoja wa hao watatu alivunja rekodi ya dunia kwenye mtindo wake miaka ileile. Ubingwa ulikuwa unaenda Auburn kwa kocha David Marsh, mara tano mfululizo 2003 mpaka 2007, ila kazi ya Reese haikusimama hata kidogo. Ndo maana nasema kombe linakuonyesha nusu tu ya kocha.

Jingine ni alikuta nini. Todd DeSorbo kaingia Virginia 2017, chuo kilikuwa hakijawahi kuchukua ubingwa wa NCAA wa kuogelea, wanawake wakachukua 2021 halafu wakaendelea kila mwaka mpaka 2025, hapo unaona mtu kajenga. Bob Bowman, yule wa Michael Phelps, aliipa Arizona State ubingwa wake wa kwanza Machi 2024, akahamia Texas kushika nafasi ya Reese na 2025 akashinda tena, kocha mkubwa hilo halina ubishi, ila siku hizi waogeleaji wanahama vyuo na Hubert Kós, bingwa wa Olimpiki kutoka Hungary, alimfuata kutoka Arizona State. Kwa hiyo ukiona timu imepanda ghafla, hesabu wangapi wamekuzwa pale na wangapi wamekuja wakiwa tayari.

Kuhesabu kwenyewe si kugumu, jioni moja inatosha. Ingia Swimcloud, tovuti ya matokeo ya kuogelea, fungua timu, chagua watu wa mwaka wa nne wanaoogelea mbio za mwanao, USICHAGUE mastaa, chukua wa katikati, andika taimu bora waliyoingia nayo kutoka sekondari na taimu bora ya sasa. Taimu za wengi zikiwa zimeshuka, huyo kocha anafundisha. Wakiwa wengi wamebaki pale pale au wametoweka mwaka wa pili, umepata jibu, hata kama ukutani kuna makombe kumi.

Hapo kuna mtego wa yadi. Vyuo vya Marekani wanaogelea bwawa la yadi 25, ambayo ni mita 22.86, kwa hiyo taimu zinaonekana za ajabu. Caeleb Dressel akiwa Florida kwa kocha Gregg Troy alipiga yadi 50 kwa sekunde 17.63 mwaka 2018, lakini dhahabu yake ya mita 50 Tokyo ilikuwa 21.07. Usilinganishe ya mwanao ya mita na ya kwao ya yadi ukakata tamaa bure, linganisha yadi na yadi. Na kama ndoto yake ni Olimpiki kuvaa bendera yetu, uliza kabisa wanafanya mazoezi kwenye bwawa la mita 50 miezi gani, sababu kuzunguka ukutani kila baada ya yadi 25 ni ufundi mmoja na kuvumilia mita 50 nzima ni mwingine.

Tena usimwangalie kocha mkuu peke yake! Kirsty Coventry wa Zimbabwe alikuwa Auburn ya Marsh, lakini aliyemfundisha pale ni Kim Brackin, na Brackin alipopata kazi Texas, Coventry akahamia Austin, mji wa chuo hicho, kumfuata. Uliza kwa jina nani atamwandikia mwanao mazoezi ya kila siku, na huyo mtu mkataba wake unaisha lini.

Na usikubali karatasi ya chuo peke yake. Jason Dunford wa Kenya, aliyeweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kwenye mchujo Beijing 2008 na kumaliza wa 5 fainali, alitoka Stanford ya Skip Kenney, mwenye ubingwa wa NCAA mara 7 na wa konferensi miaka 31 mfululizo. Rekodi nzuri sana. Lakini 2007 Kenney alisimamishwa kwa muda baada ya kugundulika majina ya waogeleaji watano wa zamani yameondolewa kwenye orodha ya taimu bora za timu. Ndo uone kwa nini ni muhimu kwenda kwenye matokeo yenyewe.

Pesa nayo uliza mapema. Zamani timu ya wanaume ya Divisheni ya 1 ilikuwa na skolashipu kamili 9.9 na wanawake 14, zinagawanywa vipande, lakini kuanzia msimu wa 2025 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vina ukomo wa idadi ya wachezaji badala ya ukomo wa skolashipu, kwa hiyo nafasi yenyewe ndo ya kugombania. Muulize kocha kwa maandishi: mwanangu taimu yake isiposhuka mwaka wa kwanza, nafasi yake ipo au haipo? Na hela yake je? Kisha muombe akuunganishe na mwogeleaji wa mwaka wa nne asiye staa, ikiwezekana aliyetoka nje ya Marekani, kijana aongee naye mwenyewe bila kocha kuwepo wala wewe mzazi.