Kadi ya gari ya Uingereza si hati ya umiliki: kwa wanaotaka kupeleka Land Rover Tanga

Kabla hujawaza meli, ushuru wala wakala, shika hili kwanza: Uingereza, mwenye kadi ya gari si lazima awe mwenye gari. Kadi yao, wanayoiita V5C, yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, tumezoea kwamba kadi ikiwa mkononi na jina likilingana na kitambulisho, kilichobaki ni bei. Huku Uingereza kadi inamtaja anayelitunza gari, ili wajue wamdai nani kodi ya barabara na wampelekee nani faini za kamera. Mwenye mali halisi anaweza kuwa benki au kampuni ya mikopo, na jina lake hutalikuta popote kwenye kadi hiyo.

Nililinunua Land Rover Defender 110 la dizeli kwa bwana mmoja anayeishi kijijini. Kadi ilikuwa halisi, jina lake, anwani ni ile ile niliyosimama mlangoni pake. Alinikaribisha chai, akanionyesha risiti za fundi za miaka mingi, tukaandikishana. Nikalifikisha gari yadi ya bandarini likisubiri meli ya magari. Huko ndiko lilikofuatwa. Bwana yule alikuwa ameliwekea rehani, kwa mkopo ambao Waingereza wanauita wa logibuku: unakopa, unasaini hati ya kumkabidhi mkopeshaji umiliki wa gari, unampa na kadi yako, kisha unaendelea kuliendesha kama kawaida. Hati hiyo inasajiliwa Mahakama Kuu. Ukiacha kulipa, mkopeshaji analichukua gari bila kuhitaji amri ya hakimu, hata kama limeshauzwa kwa mtu asiyejua lolote.

Utauliza, kama kadi alimpa mkopeshaji, mimi nilionyeshwa nini? Nilionyeshwa kadi ya pili. Mtu yeyote anaweza kuiandikia DVLA, mamlaka yao ya magari, akasema kadi imepotea, akalipa pauni 25 na kuletewa nyingine kwa posta. Hiyo si ya bandia, ni kadi halali kabisa. Kwa hiyo angalia tarehe iliyotolewa. Kama mtu anakwambia gari analo tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi na kadi ina wiki chache, karatasi bado inanukia wino, hujaonyeshwa kadi, umeonyeshwa dalili. Muulize kadi ya zamani iko wapi, kisha unyamaze umsikilize anavyojibu.

Nililipa deni lililobaki ili gari liachiwe. Simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Kuna mahakama ya madai madogo, inasikiliza mpaka pauni 10,000, na fomu unajaza kwenye mtandao bila wakili. Hukumu unaipata. Fedha ni habari nyingine, kwa sababu mtu aliyekopea gari lake mara nyingi hana kitu kingine cha kukamatwa.

Kwenye mikusanyiko yetu utasikia mtu anasema kwa kujiamini kwamba sheria inamlinda mnunuzi. Ni kweli nusu. Sheria yao ya mwaka 1964 inamlinda mtu binafsi aliyenunua kwa nia njema gari lililokuwa kwenye mkopo wa kulipa kidogo kidogo hadi liwe lako. Mkopo wa logibuku haumo humo. Gari la kukodishwa kwa muda mrefu nalo halimo. Usijenge safari ya kontena juu ya nusu ya sheria.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kuna kampuni zinazouza uhakiki wa historia ya gari kwa namba ya usajili. Ule wa bei poa unakwambia rangi, mwaka, na kama gari limeripotiwa kuibwa, madeni hauyagusi. Lipia ule kamili, unaotaja mikopo ya aina zote kwa majina, usome mpaka mwisho. Ufanye siku ile ile ya kulipa, si wiki iliyopita, maana mtu anaweza kukopa Jumatatu na kukuuzia Ijumaa. Ukikuta deni na bado unalitaka gari, mwambie muuzaji aombe barua ya kumalizia deni kutoka kwa mkopeshaji, ulipe deni moja kwa moja kule, yeye umpe kinachobaki. Akikataa, agana naye vizuri uende zako. Na fedha zipite benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la muuzaji. Narudia kwa sababu najua kuna anayesoma huku ameshaweka amana: kadi si umiliki, kadi si umiliki.

Hapo hapo linganisha namba ya chesesi. Kwenye Defender imegongwa kwenye chuma cha chesesi upande wa kulia mbele, nyuma kidogo ya bampa. Chukua brashi ya waya na tochi, ulale chini, usugue tope mpaka tarakimu zitoke, uzisome moja moja dhidi ya kadi. Defender ni kipenzi cha wezi huku, na vipuri vya moja huishia kwenye jingine. Polisi wa Uingereza wana kitengo maalumu kinachofungua makontena bandarini kutafuta magari ya wizi na ya mikopo, na likishaingia kwenye kanzidata ya Interpol, kulifikisha nyumbani hakukusaidii. Litakamatwa mikononi mwa ndugu yako.

Na kuhusu ndugu. Nawapenda, lakini lazima tusemezane. Mjomba wangu wa Muheza alikuwa ananipigia kila jioni: "Mwanangu, gari lipo, kadi ipo, unangoja nini? Machungwa yanaozea shambani." Namwelewa. Njia za kushuka Amani wakati wa masika hazina huruma, na gari dogo halifiki. Ila mjomba anapima kwa mizani ya kwetu, ambako mauziano yanafanyika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na balozi wa nyumba kumi anajua nani anadaiwa na nani mpaka dukani kwa Mpemba. Msiruhusu simu za jioni ziwakimbize kulipa. Waambieni mapema kwamba kuna wiki nzima ya kukagua karatasi, na wiki hiyo haijadiliwi.

Nimekaa na Waingereza muda wa kutosha kuwa na maoni yangu. Ni watu wakweli kwa swali uliloliuliza. Bwana yule alinionyesha kila kutu, kila tone la oili, hata mlango wa nyuma unaogoma kufunga. Deni sikuambiwa, na kwa adabu za hapa deni la mtu ni siri ya chumbani, haliulizwi wala halitajwi. Mtaani kwangu magari yamepangwa mbele ya nyumba yaking'aa, na sehemu kubwa ni ya wakopeshaji. Serikali yao inamwamini kila mtu kwa barua ya posta: sema kadi imepotea, unaletewa kadi. Ni jamii nzuri kuishi wewe ukiwa mwaminifu na ukibahatika kukutana na waaminifu. Ikikwenda kombo, hakuna mzee wa kwenda kumgongea, kuna namba ya simu na muziki wa kusubiri. Kwa hiyo uliza. Uliza kwa maneno kamili, "gari hili lina mkopo wowote?", umtumie kwa ujumbe wa maandishi, na yeye ajibu kwa maandishi. Atakuona huna adabu. Vumilia.

Kwa nini basi tuhangaike na Uingereza? Wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na dizeli za zamani zimeanza kufukuzwa mijini. London, tangu Agosti 2023, eneo la kutoza magari machafu limepanuliwa mpaka pembezoni mwa jiji, na dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipa pauni 12.50 kwa kila siku inayoingia barabarani. Mwenye gari anataka liondoke. Hapo ndipo bei inaposhuka, na hapo ndipo wadaiwa nao wanapouza haraka haraka.

Injini: kwa matumizi ya Lushoto, Handeni na Pangani, tafuta isiyo na mambo mengi. Defender za katikati ya miaka ya 1990 zina 300Tdi, lita 2.5, haina kompyuta ya injini, fundi wa Ngamiani anaifungua kwa spana alizonazo. Td5 iliyofuata kuanzia 1998 ina nguvu zaidi na sauti tamu, ila inaongozwa kwa kompyuta, hivyo hakikisha kuna mtu Tanga mwenye mashine ya kuisoma. Za mwisho mwisho, kabla kiwanda cha Solihull hakijaacha kuzitengeneza Januari 2016, zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo safari fupi fupi za soko na msikiti huliziba. Wanaopenda Land Cruiser, hoja ni ile ile.

Kutu ni adui wa pili. Majira ya baridi Waingereza wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi hiyo inakula chesesi kutoka ndani, nje pakabaki na rangi nzuri. Ukilala kusoma namba, nenda na nyundo ndogo, ugonge boriti ya nyuma na sehemu springi zinapokaa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi, na wakati mwingine nyundo inaingia. Usikubali chesesi iliyopakwa lami nyeusi jana. Kabla hata ya kupanda treni, ingia kwenye tovuti ya serikali yao, andika namba ya gari, usome historia ya ukaguzi wa kila mwaka bure: maili ambazo gari limetembea, matatizo, na maneno ya mkaguzi kuhusu kutu mwaka hadi mwaka.

Taratibu zilizobaki ni za kawaida. Kata kile kipande cha kadi cha kuondoa gari nchini moja kwa moja, ukitume DVLA. Kadi iliyobaki unaitunza, inahitajika nyumbani. Kwenye meli ya magari usiweke kitu ndani. Microwave ya shangazi na viatu vya mitumba vitaibwa, au vitakuletea maswali forodhani. Ukaguzi wa TBS, shirika letu la viwango, umewahi kuhamishwa kati ya nchi ya kuuzia na bandarini kwetu, kwa hiyo ulizia utaratibu wa mwezi unaosafirisha. Bandari ya Tanga imeongezwa kina, meli kubwa hazitii tena nanga mbali na kushusha kwa matishari, ila soma hati ya meli vizuri: ikiandikwa Dar es Salaam, jiandae kuliendesha kupitia Chalinze na Segera.

Kuhusu TRA, mamlaka yetu ya mapato, ushuru wa forodha ni asilimia 25, wa bidhaa ni asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, VAT asilimia 18 inakokotolewa juu ya hivyo vyote, na gari likipita miaka 8 unaanza kulipa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unapanda. Umri unahesabiwa tangu kutengenezwa, si tangu kusajiliwa Uingereza. Risiti yako ya pauni chache usiitegemee. Wana thamani zao, na kikokotoo kiko kwenye tovuti yao. Pikapu haihesabiwi uchakavu sawa na gari la abiria, jambo la kufikiria kama kazi yenyewe ni machungwa. Anayerudi kuishi nyumbani jumla anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja, mradi amelimiliki na kulitumia nje angalau miezi 12. Hapo sasa umiliki wenyewe ndio utakaoulizwa, kwa hiyo tunza maandikiano ya mauzo, taarifa ya benki na ule uhakiki wa madeni.

Hati ya meli iandikwe jina la atakayelisajili gari. Ukiandika la ndugu "kwa muda", kadi itatoka kwa jina la ndugu, na hapo kadi ni umiliki kweli kweli. Ushuru usimtumie ndugu kwenye simu. Mwambie wakala akutumie namba ya malipo ya serikali, ulipe mwenyewe kupitia benki, na ufanye hivyo mapema, maana tozo ya kuhifadhi gari bandarini inaanza kuhesabika siku za bure zikiisha.