Muscadet: kuuchagua, kuupoza na kuunywa

Anayefungua chupa ya Muscadet akitarajia harufu ya embe na pasheni atasema ameibiwa. Mvinyo huu hauna mbwembwe. Una uchachu wa ndimu, ladha ya chumvi kwa mbali ukishameza, na mara nyingi mchomo mdogo kwenye ncha ya ulimi, kama soda iliyobakiza gesi kidogo. Ni mweupe, mkavu, mwepesi, na kwa kawaida haukupita kwenye pipa la mwaloni. Wengi wanaolalamika kwamba hauna ladha ama wamenunua chupa siyo, ama wameigandisha mpaka ikafa ganzi.

Tuanze na lebo. Muscadet si Muscat, wala si Moscato, ule mtamu wenye harufu ya maua. Wauzaji wengine huwapanga rafu moja kwa sababu majina yanafanana, basi soma herufi kwa herufi. Muscadet unatoka magharibi mwa Ufaransa, kuzunguka jiji la Nantes, pale mto Loire unapokaribia Bahari ya Atlantiki. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, iliyoshika eneo hilo baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi. Tafuta maneno "Sèvre et Maine", ambayo ni mito miwili inayopita katika mashamba hayo, kisha tafuta "sur lie". Hayo ya pili ndiyo yenye uzito kuliko yote.

"Sur lie" maana yake mvinyo umelala juu ya mashapo yake. Chachu ikimaliza kula sukari hufa na kutuama chini ya tangi. Badala ya kuuhamisha mara moja, mtengenezaji huuacha mvinyo hapo majira yote ya baridi, na sheria haimruhusu kuujaza kwenye chupa kabla ya Machi 1 ya mwaka unaofuata mavuno. Chachu iliyokufa humeng'enyeka polepole, ikaupa mvinyo unene kidogo na harufu ya mkate mbichi. Kwa kuwa haukuhamishwahamishwa, ile gesi ya uchachukaji hubaki kidogo ndani yake, na ndiyo inayochoma ulimi. Matangi yenyewe huwa ya chuma cha pua, au ya saruji yaliyochimbiwa chini ya ardhi na kufunikwa kwa vigae vya kioo kwa ndani. Hakuna mbao, hivyo hakuna vanila wala moshi wa kuficha kasoro.

Angalia mwaka pia. Chupa ya kawaida ya "sur lie" hunoga zaidi ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Ukiiona ya miaka sita imesimamishwa dirishani juani, pita. Chupa zenye majina ya vijiji kama Clisson, Gorges na Le Pallet ni habari nyingine: hizo hukaa na mashapo muda mrefu zaidi, mwaka mmoja na nusu na kuendelea, na hustahimili miaka kumi zikitunzwa mahali pa baridi na giza. Bei yake huwa juu, lakini bado ni nafuu ukilinganisha na Chablis nzuri, mvinyo mweupe mwingine mkavu wa Ufaransa.

Sasa kupoza, na hapa ndipo wengi huharibu. Joto linalofaa ni nyuzi 8 hadi 10. Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4, kwa hiyo chupa iliyolala humo usiku kucha imepoa kupita kiasi: utasikia ukali wa ndimu tu, harufu hakuna. Itoe dakika 15 kabla ya kumimina. Kama chumba kina nyuzi 30, dakika 10 zinatosha.

Kama chupa ni ya moto na wageni wako mlangoni, chukua ndoo, weka barafu nusu na maji nusu, tupia konzi mbili za chumvi, kisha zamisha chupa mpaka shingoni kwa dakika 20. Maji usiyaache. Barafu tupu hugusa chupa sehemu chache na katikati hubaki hewa, ambayo haichukui joto haraka. Maji huikumbatia chupa yote. Chumvi nayo huyafanya maji hayo yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Friza inawezekana kwa dakika 30, ila weka kengele kwenye simu. Mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 huganda karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri, na ukiganda hutanuka na kukisukuma kizibo nje.

Glasi iwe nyembamba kiasi, yenye mguu, nawe uishike mguuni, maana kiganja huupasha mvinyo haraka. Ioshe kwa maji ya moto na uiache ikauke yenyewe. Mabaki ya sabuni huua ile gesi kidogo, na glasi iliyofungiwa kabatini hunuka kabati. Mimina mililita 100 hivi, si zaidi. Kwenye joto letu la pwani glasi iliyojaa huwa imeshapata uvuguvugu kabla hujafika nusu. Chupa irudi kwenye ndoo, safari hii bila chumvi.

Nusa kwanza. Ukisikia yai viza au kiberiti, usitupe: mvinyo uliokaa na mashapo bila hewa hufanya hivyo. Zungusha glasi, subiri dakika 10, harufu itaondoka. Ukisikia boksi lililolowa au kitambaa cha kudekia, kizibo kimeuharibu na hakuna dawa. Irudishe chupa dukani. Rangi ya dhahabu iliyoiva na harufu ya tofaa lililokatwa jana, kwa chupa changa, ni ishara ya joto la ghala au la kontena. Chembe ngumu zinazong'aa chini ya chupa si sukari wala vioo. Ni tindikali ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara. Mimina taratibu zibaki chini.

Chakula ndicho kinachoufungua. Nantes wanaunywa na chaza wabichi, na kwa haki kabisa, lakini kamba wa kuchoma kwa kitunguu saumu, ngisi wa kukaanga, pweza wa kuchemsha au changu mkavu wa chumvi na ndimu huenda nao vizuri vilevile. Kanuni moja ya kushika: chakula kisiuzidi mvinyo uchachu. Ukimwagia samaki ukwaju mwingi, Muscadet utageuka maji. Sukari nayo humfanya mnywaji aone mvinyo mchungu, kwa hiyo keki na kaimati zisubiri. Tui zito na pilau vinaumeza. Hapo usipoteze chupa. Pilipili ya wastani sawa.

Ikibaki, rudisha kizibo na uiweke friji, imesimama. Siku ya pili mchomo umepungua, siku ya nne ni wa kupikia. Mchuzi wa siagi wa huko huko Nantes unahitaji mililita 100 za mvinyo, vijiko 2 vya siki ya mvinyo mweupe na vitunguu vidogo 2 vilivyokatwa laini kabisa. Chemsha moto wa chini mpaka vibaki kama vijiko 2 vya maji. Punguza moto uwe hafifu mno, kisha koroga ndani gramu 150 za siagi baridi, kipande kimoja baada ya kingine, kila kimoja kiyeyuke kabla ya kuongeza kingine. Ukiona mafuta yanaanza kujitenga pembeni, sufuria imepata moto sana: iondoe jikoni mara moja, tia kijiko cha maji baridi na ukoroge kwa nguvu. Ukichelewa mpaka ikachemka, haurudi tena. Mwagia samaki wa mvuke, na ule hapo hapo, kwa sababu mchuzi huu haupashwi.