Kompresa inavuja upepo? Badilisha sili na gasketi mwenyewe, hatua kwa hatua

Wakuu, hii ni kwa wenye kompresa za pistoni, zile za mkanda zenye tangi chini, za pancha, za kupulizia rangi, za gereji. Ikianza kuchelewa kujaa wengi wanakimbilia ringi za pistoni, mtu anafumua mashine nzima, hela imeenda, anafunga na upepo bado unapotea, kumbe shida ilikuwa kiraba kidogo tu pale bomba linapoingia kwenye tangi. Kwa hiyo kabla hujashika spana, jua kwanza inavujia wapi.

Jaza tangi, iache izime yenyewe, sikiliza. Kawaida ikizima inatoa pshhh fupi chini ya preshaswichi, ile swichi inayozima mota tangi likijaa, halafu kimya, hiyo ni sawa kabisa, inaachia upepo uliobaki kwenye bomba ili mota isianze na mzigo. Pshhh isipokata mpaka tangi linashuka, hiyo ni cheki valvu, ile valvu ya njia moja pale bomba linapoingia kwenye tangi, upepo wa tangi unarudi nyuma. Swichi ikiwa kimya ila geji inashuka, pitisha maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila maungio na kwenye koki ya kutolea maji, povu litakuonyesha. Sasa iwashe. Weka mkono kwenye filta, ikipuliza nje badala ya kuvuta, valvu ya kuingizia haizibi. Ikipuliza kwa nguvu kwenye tundu la kupumulia pale kwenye oili, na upepo wa tangi unatoka na oili, hapo ndo ringi zimekwisha kweli. Oili ikidondoka nyuma ya puli kubwa ni oilsili, sili inayozuia oili isitoke pembeni ya shafti.

Kabla ya kufungua chochote, na hii naomba sana msiiruke: chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake haitoshi. Halafu fungua koki ya chini mpaka upepo ukate kabisa. Msiamini geji, nyingi zimekufa, zinasoma sifuri na tangi lina upepo, na kwa presha ya baa 8 nati ukiilegeza inaruka kama risasi.

Tuanze na cheki valvu maana ndo rahisi. Legeza nati ya bomba kubwa linalotoka kwenye hedi (kile kichwa cha juu ya silinda chenye valvu) na ile ya kibomba chembamba cha swichi, fungua kifuniko, ndani utakuta springi na kiraba. Kiraba kikiwa na alama ya duara iliyozama au kimekakamaa, badilisha, kikiwa na masizi tu kisafishe ukirudishe.

Hedi ndo yenye kazi. Legeza boliti kidogo kidogo kwa kupishanisha, usimalize upande mmoja kwanza, na piga picha kila bati kabla hujalitoa maana ukigeuza bati la valvu haitajaza kamwe. Zile bati nyembamba zinazofunguka na kujifunga, ambazo ndo valvu zenyewe, zikiwa na ufa au zimepinda hazifai tena. Mabaki ya gasketi yalainishe kwa mafuta ya taa uyakwangue taratibu kwa wembe, hedi nyingi ni aluminiamu, bisibisi itachimba mfereji na hapo hata gasketi mpya itavuja. Petroli sitaki kuisikia, mvuke wake ukibaki ndani, ukichanganya na presha na joto, unaweza kulipuka.

Halafu tuache kukata gasketi ya hedi kwenye tyubu ya gari. Upande wa kutolea upepo unaweza kupita nyuzi 150, ule mpira unaungua na vipande vinaingia kwenye valvu, na silikoni nayo mnayopaka nyingi nyingi ikimenyeka inaingia humo humo. Nunua ya saizi yako, au kata kwenye karatasi ya gasketi inayostahimili joto, unene ule ule wa zamani, ikiwa nyembamba pistoni inaweza kugonga bati juu. Kaza kwa msalaba, mizunguko miwili mitatu. Kama umegusa ringi, pishanisha ile nafasi ya wazi ya kila ringi zisikae mstari mmoja.

Oilsili soma namba zake, mfano 25x40x7 ni kipenyo cha ndani, cha nje na unene, hapo duka lolote la bearingi watakupa. Upande wenye springi uelekee kwenye oili, paka oili mdomo wake, ingiza kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, ukiigonga upande mmoja inakaa mshazari.

Weka oili mpya ya kompresa, siyo ya injini, maana ile inaacha kaboni kwenye valvu. Iwashe koki ikiwa wazi kama dakika 10, zima, chomoa waya, ikipoa kaza tena boliti za hedi, halafu jaza na urudie sabuni. Povu likitokea kwenye bati la tangi lenyewe usichomelee, kutu imeshakula kutokea ndani, tafuta tangi jingine.