Kuilinda kwa hela ndogo pikapu ya zamani isiibwe: nilivyoifunga Hilux ya baba mdogo

Baba mdogo alikuja gereji na habari moja: pikapu ya jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake kule Mbagala, imeondoka usiku na hata mbwa hakubweka. Yake ni Hilux LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, gari la kazi. Asubuhi inabeba matofali, mchana saruji, Jumamosi viti na maturubai ya shughuli. Ufunguo wake hauna chipu, na hakuna lolote la kumsumbua mwizi zaidi ya kitasa kilichochoka. "Nina laki moja na nusu, mwanangu," akasema, "na hiyo ndiyo ya mwezi mzima."

Kazi ilituchukua siku mbili. Siku moja ingetosha. Ya pili niliipoteza mwenyewe kwa kosa la waya mmoja, ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini imekuwa ndefu kiasi hicho. Mimi ni fundi umeme wa magari, kwa hiyo naandika nikidhani unajua kushika testa, kumenya waya na kulehemu. Kama hujui, mpe fundi, ila simama pale pale anapofanya.

Hatua ya 1: ufunguo na karatasi

Nilichukua ufunguo mkuukuu wa Corolla uliokuwa unazagaa kwenye droo yangu, nikafungua nao mlango wa Hilux mbele ya macho yake. Mzee alikaa kwanza kwenye ndoo. Vitasa vya Toyota za miaka ile vikishalika, vinakubali karibu ufunguo wowote uliolika kama vyenyewe. Tulibadilisha silinda ya swichi ya kuwashia tu. Milango tuliiacha, maana mwenye nia atavunja kioo.

Gari likioshwa, ufunguo uwe mfukoni mwako. Kadi ya gari isikae kwenye dashibodi hata siku moja. Ikae nyumbani, na picha ya namba ya chesisi na ya injini iwe kwenye simu, kwa sababu ndivyo utakavyoulizwa kituoni kabla hujapewa RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Na kama una bima ndogo, elewa kwamba gari likiibwa hulipwi kitu. Wengi hugundua hilo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: kufuli la gia

Fimbo ya kufungia usukani siipendi. Inaonekana kwa mbali, hilo nakubali, na mwizi wa kubahatisha ataiona aende kwa mwingine. Lakini usukani wenyewe ni duara la chuma chembamba lililovikwa plastiki. Mtu haikati fimbo, anakata usukani kwa msumeno, anaipindua fimbo na kuitoa.

Kwa gari la gia za mkono weka kufuli la gia: bano la chuma lililofungwa kwenye sakafu, linalokamata fimbo ya gia ikiwa rivasi. Bano letu lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa jirani, kufuli tukanunua zito la mkono mfupi. Bolti zinazoshika sakafu tulizichomelea vichwa ili zisifunguke kwa spana. Ukimaliza, jiulize swali hili: mtu akikanyaga klachi, si gari linasukumika bado? Linasukumika. Kwa hiyo tuliongeza kipande cha bomba la chuma kinachozuia pedeli ya klachi isishuke, kinafungwa kwa kufuli dogo. Sasa gari liko rivasi na klachi haikanyagiki. Walisukume basi.

Hatua ya 3: swichi ya siri

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakiwemo mafundi. Wanakata waya wa stata. Ni rahisi kuufikia, na ukijaribu kuwasha gari kweli halipigi, mteja anafurahi na kulipa. Niliwahi kumfungia hivyo mtu mwenye pikapu aliyekuwa anaegesha kwenye mteremko. Wezi hawakuhitaji stata. Waliiachia, ikashuka, wakatia gia ya pili.

Kwenye petroli unakata umeme wa pampu ya mafuta, au wa koili kama ni kabureta. Kwenye dizeli ya zamani kama 3L hakuna plagi za cheche wala koili. Injini ikishawaka inajiendea yenyewe ilimradi inapata mafuta, na hata ukichomoa betri haitazima, maana alteneta inaendelea kutoa umeme. Kitu kimoja tu kinaizima ukigeuza ufunguo: solenoidi ndogo iliyopo kwenye pampu ya dizeli. Ikipata umeme inafungua njia ya mafuta, ikikosa inafunga. Huo waya wake mmoja ndio tunaoutaka.

Kuutambua: weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha, chomoa waya kwenye solenoidi kisha uurudishe. Utasikia "tak". Ukitaka uhakika, washa injini iwe sailensa, yaani iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, chomoa; ikizima papo hapo, ndio wenyewe. Rangi usiziamini. Magari haya yameshafungwa na kufunguliwa na mafundi kumi kabla yako.

Ufuate waya huo mpaka unapoingia kwenye kabini, na uukate kwa ndani, nyuma ya dashibodi. Usiukate kwenye injini. Kule kuna maji, joto, na macho ya kila anayefungua boneti.

Solenoidi inakula kama ampea moja tu, kwa hiyo fundi mwingine atakwambia weka swichi moja kwa moja kwenye waya, rilei ya nini. Inafanya kazi. Mimi napendelea rilei, yaani swichi inayojifunga yenyewe ikipewa umeme mdogo, kwa sababu waya unaokwenda kwenye swichi unakuwa mwembamba kabisa, unaupitisha popote, na swichi yenyewe inaweza kuwa dhaifu au ya ajabu kiasi chochote. Rilei ni ya volti 12, ya miguu mitano, kutoka maduka ya spea ya Gerezani, bei ya soda chache. Inafungwa hivi:

Mguu wa 30, waya unaotoka kwenye swichi ya kuwashia. Mguu wa 87, waya unaokwenda kwenye solenoidi. Mguu wa 85, bodi ya gari (hasi). Mguu wa 86, umeme unaopita kwenye swichi ya siri. Mguu wa kati, 87a, uache mtupu. Ukiutumia huo badala ya 87, mwizi akikata waya wa swichi yako gari linabaki linawaka kama kawaida, na hukufanya kazi yoyote.

Sasa huo umeme wa mguu wa 86 unautoa wapi? Hapa ndipo nilipoipoteza siku ya pili.

Nilitafuta nyuma ya dashibodi waya unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa na kukosa ufunguo ukizimwa. Nikaupata haraka sana, ule wa redio. Testa ikawaka, nikaunga, nikafunga dashibodi. Nikageuza ufunguo. Stata ikapiga vizuri, injini haiwaki. Nikapiga tena. Kimya.

Dizeli isiyowaka kila fundi anawaza kitu kimoja, hewa. Nikatoa hewa kwa pampu ya mkono ya juu ya filta. Nikalegeza njia za nozeli, mafuta hayaji. Nikabadilisha filta. Nikahisi plagi za hita zimekufa, nikazipima zote nne, nzima. Saa nane mchana betri ikachoka, nikaazima ya jirani wa gereji. Baba mdogo ananitazama tu, mwisho akasema, "Fundi, wezi wangeiacha ikiwa hai."

Tukaisukuma. Ikawaka mara moja. Tukaizima, tukapiga stata: haiwaki. Tukasukuma tena: inawaka. Nikaamua stata imechoka, inazungusha polepole, nikaanza hata kuifungua. Ni kijana wangu wa gereji aliyesema kitu cha maana siku ile: "Kaka, mbona inakohoa ukiachia ufunguo?" Kweli. Kila nilipoachia ufunguo urudi kwenye ON, injini ilitoa kikohozi kimoja, kisha ikafa.

Umeme wa redio, yaani wa ACC, hukatika pale unapopiga stata. Gari linafanya hivyo makusudi ili nguvu yote ya betri iende kwenye stata. Kwa hiyo kila nilipopiga, rilei yangu ilijiachia, solenoidi ikafunga, na injini ikazungushwa bila tone la mafuta. Ukiisukuma ufunguo uko ON, ACC ipo, inawaka. Muda wa saa sita, filta mpya na mgongo, kwa waya mmoja.

Basi kipimo ni hiki, na usikiruke: kabla hujaunga chochote kwenye 86, shika testa kwenye waya huo na mtu apige stata. Taa ya testa iendelee kuwaka muda wote stata inapozunguka. Inaweza kufifia, hiyo ni betri. Ikizimika, waya huo si wako. Njia fupi zaidi, ambayo ningeifanya tangu mwanzo kama ningetumia akili, ni kuchukua umeme kwenye waya ule ule wa solenoidi, upande wa swichi ya kuwashia, yaani 30 na 86 zinywe kisima kimoja. Weka fyuzi ndogo njiani.

Mambo mengine ya hatua hii, bila mpangilio. Lehemu maungio, usisokote tu. Barabara za kwetu zitayafungua. Tumia waya mweusi uliochakaa na uuzungushie utepe kama wa kiwandani, kwa sababu waya mwekundu mpya unamwonyesha mwizi njia. Rilei ikifa, gari litazima barabarani, kwa hiyo nunua nzuri na uiweke kwenye soketi yake ili ibadilike kwa dakika moja. Swichi usiiweke chini ya usukani wala chini ya siti, mikono yote inaanzia hapo. Swichi ya zamani ya taa za ukungu ambazo gari halina tena ni mahali pazuri kuliko kitufe kipya cha dukani. Ya baba mdogo iko wapi, siandiki.

Hatua ya 4: boneti

Anayejua dizeli anaweza kutoa waya kwenye betri akaugusisha kwenye solenoidi. Mnyororo mfupi na kufuli ndani ya grili. Basi.

Hatua ya 5: vinavyoibwa bila gari kuibwa

Tairi la akiba linaning'inia chini ya bodi, na linashushwa kwa chuma chochote kinachoingia kwenye tundu la nyuma. Lipitishie mnyororo wenye mpira juu yake usipige kelele. Betri ifungwe kwa bano la chuma, si kamba ya mpira niliyoikuta. Mfuniko wa tangi uwe wa ufunguo, dizeli inanyonywa usiku. Vioo vya pembeni, taa na vioo vya milango chonga namba ya gari. Wanaochonga mtaani wanafanya kwa hela ndogo, na kioo chenye namba ya mtu hakiuziki kirahisi.

Hatua ya 6: jipiesi (GPS), kama hela imebaki

Kwetu ilibaki kidogo, tukanunua kile kifaa cha Kichina cha bei ya chini kinachotumia laini ya simu. Mahali pake ni chini ya plastiki ya dashibodi, uso ukitazama juu. Ukikiweka chini ya chuma hakioni satelaiti, kitakupa ramani ya jana. Vingi vya aina hii vinakuja na namba ya siri 123456. Ibadilishe kabla hujakifunga, la sivyo yeyote mwenye namba ya laini yako anaweza kukiamrisha. Laini isajiliwe kwa jina la mwenye gari, na iwekewe salio kila mwezi hata kama hakuna kilichotokea, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa.

Kifaa kina waya wa kuzima injini kwa ujumbe wa simu. Niliuacha bila kuunganisha, na baba mdogo alinung'unika. Kwenye 3L pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa kwenye alteneta. Injini ikizima, breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, halafu pedeli inakuwa jiwe, na usukani wa pawa unakuwa mzito. Gari la tani nzima la matofali likizimwa hivyo pale Mtongani saa mbili asubuhi, atakayegongwa si lazima awe mwizi. Ukiuunganisha, ahidi kwamba utautumia gari likiwa limesimama tu, ramani ikionyesha hivyo. Gari likionekana mahali, piga simu polisi na uwape RB. Usiende na vijana wa mtaani.

Ving'ora sikuweka. Mtaani kwetu king'ora cha gari ni kama jogoo, kila mtu anageukia upande wa pili.

Hatua ya 7: mfundishe mwenye gari

Mpe azime na kuwasha mara kumi mbele yako, na mara moja asubuhi injini ikiwa baridi. Sisi tulifanya mchana tu. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita: Hilux haiwaki, matofali yanasubiri, na mimi ni fundi wa namna gani. Nikamuuliza, "Baba, umegusa ile swichi?" Akanyamaza. Kisha nikasikia injini ikinguruma kwenye simu, na akakata bila kuaga.