Somo: Kutembelea Curaçao, sinagogi ya mchanga na pwani ya kasa

Wakuu, Curaçao ni kisiwa cha kilomita za mraba 444 huko Karibi, nchi inayojitawala ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Wageni wengi huishia ufukweni. Mimi nashauri muanze mjini.

Hatua ya 1: Panga siku. Ijumaa jioni na Jumamosi sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi, ni ya ibada, si ya picha. Willemstad, mji mkuu, iwe mwanzoni mwa wiki.

Hatua ya 2: Nenda Mikvé Israel-Emanuel, wenyeji huiita Snoa. Ilifunguliwa 1732, na katika Amerika zote hakuna sinagogi kongwe zaidi inayotumika mfululizo hadi leo. Juu zinaning'inia taa za shaba, kando ni mbao za mahogani, chini mchanga mtupu. Unatembea na husikii hatua zako mwenyewe. Wenyewe husimulia kwamba wahenga wao wa Hispania na Ureno walisali kwa siri, wakamwaga mchanga ili wapelelezi wa Kanisa wasiwasikie. Wengine husema ni ukumbusho wa jangwa la Sinai.

Hatua ya 3: Makaburi ya Wayahudi ya Beth Haim, ya 1659. Yamepakana na kiwanda cha mafuta na moshi umekula maandishi, kwa hiyo nakala zilizo uani kwa Snoa zinasomeka vizuri kuliko mawe yenyewe. Na tusifichane: bandari hii ilitajirika kwa watumwa Waafrika, na waliowamiliki walikuwemo Wakristo na Wayahudi. Tula, mtumwa mmojawapo, aliongoza maasi mwaka 1795.

Hatua ya 4: Kodi gari, elekea magharibi. Ufukwe wa Playa Grandi wavuvi wakisafisha samaki, kasa huja kugombea mabaki. Hifadhi ya pwani ya Shete Boka ni ya kutazama mawimbi tu, usiogelee. Mlima Christoffel (mita 372) upande alfajiri, jua la huko halina utani.

MASWALI

Mkuu, viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) inatosha?
Curaçao haimo ndani ya Schengen, ina viza yake ya Karibi. Ulizia ubalozi wa Uholanzi, na ukipitia Amsterdam ulizia pia masharti ya kubadilisha ndege.

Mimi Muislamu, nitaruhusiwa Snoa?
Bila shida, unalipa kiingilio. Wanaume hufunika kichwa.

Vimbunga je?
Kisiwa kiko karibu na Venezuela, kusini ya njia yao kuu.

Watoto wawe makini na nini ufukweni?
Mti wa manzanilla. Tunda lake linafanana na tufaha dogo la kijani na ni sumu. Mvua ikinyesha msijikinge chini yake, matone yake yanababua ngozi.