Somo: Kusikiliza podikasti huku mikono ikiwa kazini

Habari zenu wapendwa. Somo la leo, la kusikiliza podikasti (vipindi vya sauti unavyovisikiliza kwenye simu wakati wowote utakao), nimeliandaa kwa ajili ya wenzangu ambao siku inakwisha hawajafungua kitabu. Kufua, kupiga deki, kukuna nazi, kuchambua mchicha: mikono imeshikwa, masikio yako huru. Huko ndiko mtu anakoweza kujifunza lugha, historia au biashara bila kuiba saa ya usingizi. Na kwa anayeishi peke yake, sauti ya watu wanaozungumza kwa utulivu hupunguza upweke kweli.

Hatua ya 1: Chagua kazi kwanza, kipindi baadaye. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Akili haifuati maneno ya pande mbili kwa wakati mmoja. Ukisikiliza maelezo huku unasoma ujumbe, unaandika au unahesabu hela za mauzo, kimoja kitakupita. Kazi nzuri ni ile ambayo mwili umeizoea na haihitaji maneno: vyombo, pasi, kukunja nguo, kumwagilia bustani, kutembea asubuhi. Kumwogesha mtoto mchanga, kukaanga kwenye mafuta ya moto na kuvuka barabara viache kabisa. Mimi pia sisikilizi chochote nikijaribu pishi jipya, kwa sababu vipimo vinataka akili yote.

Hatua ya 2: Pakua kabla, usisikilize kwa bando. Kwa simu za Android napendekeza AntennaPod, programu ya kupakua na kusikilizia podikasti: ni ya bure, haina matangazo yake, na unaweza kuiagiza ipakue kwa waifai tu. Kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde (kipimo cha ubora wa sauti) kina takriban MB 14. Kwa kilobiti 128 ni kama MB 29. Pakua vitatu au vinne ukiwa kwenye waifai, inatosha. Weka pia kipindi kijifute kikishasikilizwa, simu isijae.

Hatua ya 3: Linganisha urefu wa kipindi na kazi. Anayejifunza Kiingereza aanze na 6 Minute English ya BBC: ni dakika sita tu, na maandishi yake yote yako bure kwenye tovuti yao. Sikiliza ukiosha vyombo, usiku usome maandishi, kesho urudie kilekile kwenye pasi. Mara ya pili utashangaa maneno yanavyojitenga. Vipindi virefu vya mahojiano viwekee siku ya kufua.

Hatua ya 4: Vaa hedifoni sikio moja, sauti ya wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki. Kelele za nje zikikufanya uongeze sauti kila mara, ahirisha.

Hatua ya 5: Msimulie mtu. Jambo moja tu ulilosikia, wakati wa chakula. Kinachosimuliwa hukaa.

Maswali ya wanachama

*Dada, kipindi kikiisha sikumbuki kitu. Napoteza muda?*
Hapana, mpendwa. Kwanza angalia kazi uliyokuwa unafanya, huenda ilikuwa inataka akili. Ukipotea, rudisha nyuma sekunde 30. Ukipotea tena na tena, badilisha, weka hadithi au mazungumzo mepesi. Siku ya uchovu kuburudika tu ni faida ya kutosha.

*Nafanya kazi za ndani, na mama mwenye nyumba hapendi nivae hedifoni.*
Ana haki ya kutaka umsikie akikuita au mtoto akilia. Mwombe kwa adabu ruhusa ya kuweka simu jikoni kwa sauti ya chini, wakati wa vyombo na pasi tu. Mwambie unajifunza nini. Akikataa, una safari ya kwenda sokoni. Vaa sikio moja.

*Niongeze kasi ili nimalize vingi?*
Kwa Kiswahili, mara 1.25 haina shida. Kwa lugha unayojifunza usiongeze, hata ipunguze kidogo. Usikimbilie kumaliza vingi.

*Mume wangu analalamika kwamba simsikii siku hizi.*
Mdogo wangu, akiingia yeye, zima. Podikasti itakusubiri palepale ulipoiachia. Au tafuteni kipindi kimoja mnachokipenda wote, mkisikilize pamoja mkimenya viazi.

*Mimi ni dereva wa bodaboda, naweza kusikiliza nikiwa njiani?*
Kaka, hapana, hata kwa sikio moja. Honi na breki za nyuma yako lazima uzisikie, na umembeba mtu. Lakini kijiweni unasubiri abiria muda mrefu. Hapo sikiliza, na ukipata mteja bonyeza kusimamisha kabla hujavaa helmeti.